Mizunguko Thelathini ya Mwiko

Jumamosi nilikuja kuwatazama mkicheza mpira wa kikapu, na nilirudi nyumbani kichwa kinaniuma. Mlikuwa mnaongoza kwa pointi moja. Mpira mlikuwa mmeupata wakati ule ule. Saa kubwa ya taa, ambayo hata mimi na macho yangu ya kizee niliisoma, ilionyesha kwamba zimebaki sekunde ishirini na mbili. Meneuse wenu, yaani yule anayeongoza mchezo, sitamtaja jina, anajijua, alisimama katikati ya uwanja akamgeukia kocha. Kocha akamtazama kapteni. Kapteni akatazama juu, sijui alikuwa anaomba mvua. Halafu yule nisiyemtaja akaurusha mpira kutoka mbali kana kwamba unamuunguza mikono, ukagonga chuma, na wageni wakaondoka na ushindi wenu.

Nilipowafuata kuwauliza, mkanijibu, "Mama Numbi, tulikosa tu chance."

Chance. Sheria ya siku hizi inawapa sekunde ishirini na nne za kukaa na mpira kabla ya kurusha, na zilibaki ishirini na mbili. Hata mtoto wa shule ya chekechea anajua kutoa. Hamkuhitaji kurusha kabisa. Mlihitaji kupasiana kama watu wanaopeana chumvi mezani, mpaka kengele ilie, halafu mwende nyumbani kuoga. Wangewafanyia makosa? Wawafanyie. Ndiyo maana mna mikono ya kutupia mitupo huru. Nimeishika kalamu kwa sababu nikisema kwa mdomo mnaitikia "ndiyo mama" huku mnatazama simu zenu.

Mimi nilikuwa meneuse wa timu ya wanawake hapa Kolwezi miaka ya Zaïre, tulipokuwa tunaitana citoyen na citoyenne, yaani raia, hata na mtu mliyegombana naye sokoni. Kazini nilikuwa kwenye mashine ya kuunganisha simu za kiwanda cha madini. Barua ya kuajiriwa ilisema nimechukuliwa kwa sababu ya sauti yangu nzuri. Sauti yangu ni hii hii mnayoisikia ikikwaruza. Walinichukua kwa sababu ya mpira, kila mtu alijua, na mkubwa wangu alinikumbusha kila nilipochelewa. Kwa hiyo nikisema mpira ulikuwa kazi yangu, sichekeshi watu.

Uwanja wetu ulikuwa wa saruji, nje, upande wa nyumba za wafanyakazi, na upepo ukivuma kutoka machimboni tulicheza na vumbi jekundu katikati ya meno. Saa ya taa hatukuwa nayo. Mezani alikaa mzee mmoja na saa ya mkononi ya kubonyeza, na pembeni yake kilining'inia kipande cha reli. Sheria ya wakati ule ilikuwa sekunde thelathini. Zikiisha hujarusha, mzee anaigonga reli kwa nondo, mpira unakuwa wa adui. Lakini mpaka aigonge, wewe uwanjani hujui kitu. Zimebaki kumi? Zimebaki mbili? Ulipaswa kuzibeba sekunde zako mwenyewe kichwani, huku unadunda mpira, huku msichana wa Likasi mwenye kucha ndefu anakuchana mkono.

Aliyenifundisha kuzibeba ni Yaya Ngoie.

Alikuwa kapteni wetu na mkubwa wetu kwa umri, ndiyo maana tulimwita yaya, dada mkubwa. Mumewe alikuwa karani, walikuwa na watoto wanne, na yeye alicheza chini ya kikapu akiwa na mabega yaliyowafanya wasichana wa timu nyingine wakumbuke kwamba wana shughuli mahali pengine. Alikuwa amecheza miaka saba. Katika miaka yote hiyo timu yetu haikuwahi kufika fainali za Lubumbashi, na yeye hakutaka kitu kingine duniani. Alikuwa na kitenge alichokinunua kwa ajili ya safari ile. Kilikaa sandukuni, kimekunjwa, akatutolea kila mwaka kutuonyesha, akakirudisha.

Nilipoanza kuongoza mchezo, nilikuwa na ugonjwa ule ule wa yule nisiyemtaja. Nilirusha mapema. Reli haikuwahi kunilia hata siku moja, nami nikajiona hodari. Yaya Ngoie akaniita nyumbani kwake jioni moja wakati wa kupika. Aliweka sufuria, akamwaga unga wa mahindi na wa mihogo, na bukari, ugali wetu, ilipoanza kushikana akanipa mwiko.

"Zungusha," akasema. "Muzunguko moja, segonde moja. Ufike makumi tatu, uepue."

Nikazungusha. Tata Amuri, kocha wetu, alikuwa ameketi kwenye kiti cha mbao na saa yake ya kubonyeza. Nilipotangaza thelathini kwa fahari, alininyanyulia saa. Zilikuwa zimepita sekunde kumi na tisa.

"Unaona?" Yaya Ngoie akasema. "Mutu mwenye kuogopa anahesabiaka mbio. Hesabia na mukono, hapana na roho. Roho inadanganyaka."

Basi huo ukawa mwezi wa bukari. Kila jioni nilizungusha kwake, na yeye akanivuruga makusudi. Alinitukania mapishi, aliniuliza habari za mvulana mmoja wa karakana, alimtuma mwanawe aangushe sahani nyuma yangu. Mkono haukupaswa kubadilika. Familia yake ilikula bukari yenye madonge mwezi mzima, na mumewe, mtu mpole sana, aliuliza mara moja tu kama hakuna timu nyingine inayonihitaji. Lakini mwisho wa mwezi nilikuwa nafika thelathini pamoja na saa ya Tata Amuri, au nikikosea, nakosea kwa moja.

Ninyi mna saa yenye taa nyekundu, inawaka juu ya kikapu mbele ya macho yenu, nanyi hamuioni. Inaniudhi kuliko ninavyoweza kuandika.

Tata Amuri naye niwaambie. Alikuwa mfanyabiashara wa malori, Mwislamu, wazazi wake walitoka pande za Kasongo, na hakuwahi kucheza mpira wa kikapu hata dakika moja. Aliujua kwa kuutazama. Kwenye mechi za nje tulisafiri juu ya lori lake, juu ya magunia ya unga, tukafika weupe mpaka kope, na wenyeji wakatucheka kabla hatujavua viatu. Sentensi yake moja imenisaidia kuliko vitabu. "Mu kona usiende na mupira," alisema. "Ile mistari mbili ni adui. Na bale habachokake." Yaani mistari haichoki kukukaba. Jumamosi mmekwenda konani mara sita. Nilihesabu.

Sikilizeni mambo mengine ambayo meneuse anapaswa kuyajua dakika za mwisho bila kumuuliza mtu. Ni nani upande wa adui ana makosa manne, kwa sababu la tano linamtoa nje, hatathubutu kukugusa, mpitie yeye. Ni nani upande wako ameshika magoti. Huyo usimpe mpira hata akikuita kwa jina la mama yako. Ni nani amekasirika. Mwenye hasira anataka mpira kuliko wote, na ndiye wa mwisho kupewa. Nami niliyajua haya yote, niliyakariri, niliwafundisha wengine. Siku ilipofika, aliyekasirika nilikuwa mimi, na mpira ulikuwa mikononi mwangu.

Ilikuwa mechi ya kwenda Lubumbashi. Tulicheza na timu ya Likasi, kwenye saruji yetu, na anayeshinda anapanda kwenda fainali. Wote tulijua ni mechi ya mwisho ya Yaya Ngoie kama tukishindwa. Mumewe alikuwa amehamishiwa Sandoa, na Sandoa wakati ule hakukuwa na kikapu, kulikuwa na mashamba ya mihogo. Familia ilikuwa inangoja tu matokeo. Tukishinda, mama atabaki majuma mawili zaidi, aende Lubumbashi na kitenge chake, ndipo awafuate.

Asubuhi ya siku ile kazini, mkubwa wangu alipita mezani kwangu. Alikuwa mtu wa mizaha, na mizaha yake yote ilikuwa na mwiba.

"Numbi, weye ni sawa na simu yako," akaniambia mbele ya makarani wote. "Unaunganisha bantu. Mwenyewe hausemaka kitu."

Wakacheka. Nami nikacheka. Lakini neno lile liliingia likakaa. Miaka yote ile nilikuwa nawapasia wengine, wao wanafunga, majina yao yanaimbwa. Nilifika uwanjani nikiwa nimeamua kwamba leo watu wataimba Numbi.

Nasi tukacheza vizuri, sisemi uongo. Mwishoni tuliongoza kwa pointi moja, mpira nikiwa nao mimi, na msichana wa Likasi akanikumbatia kama ndugu aliyepotea. Filimbi. Kosa, mitupo miwili.

Hapa lazima niwaeleze jambo, maana sheria hii ilifutwa kabla hamjazaliwa. Wakati ule timu iliyopewa mitupo miwili ilikuwa na haki ya kuchagua. Mnaweza kutupa. Au mnaikataa mitupo, mnapewa mpira mstarini katikati ya uwanja, mnaanza upya na sekunde zenu thelathini. Na wa kuchagua ni kapteni. Mwamuzi anamwendea yeye, anamuuliza yeye, hamuulizi mwingine.

Tata Amuri alipiga kelele kutoka kwenye benchi, "Makumi mbili na tano." Sekunde ishirini na tano zilibaki mechi nzima. Mkichukua mpira, mna thelathini. Hesabu ni ile ile ya Jumamosi, ndiyo maana nilitoka uwanjani nikiwa natetemeka na mkaniuliza kama nina malaria.

Mwamuzi, arbitre tulivyomwita, akaja. "Citoyenne capitaine, lancer ao mupira?" Lancer ndiyo mitupo.

Watu kwenye uzio walikuwa wanaimba. Walitaka mitupo, kwa sababu kutazama watu wakipasiana hakumfurahishi mtu. Waliimba jina langu. Kwa mara ya kwanza waliimba Numbi. Yaya Ngoie hakumjibu mwamuzi. Aligeuka akanitazama mimi.

Nilijua jibu. Mkono wangu ulijua. Nikasema, "Omba lancer, yaya. Natia yote mbili."

Akanitazama kidogo tena. Kisha akamwambia mwamuzi, "Lancer."

Wa kwanza ulikuwa mfupi, haukugusa hata chuma. Wa pili ulikuwa mrefu, ukagonga ubao, ukaruka juu ya kichwa cha Yaya Ngoie ukaenda kwa adui. Wakapasiana, sisi tukiwafukuza, mpaka sekunde zikakaribia kwisha. Yule mwenye kucha alifunga kutoka chini ya kikapu, na nondo ikaigonga reli, mechi imekwisha, mpira ukiwa bado kwenye nyavu.

Hakuna aliyenitukana. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, na kweli sikuambiwa. Yaya Ngoie alinishika bega akasema, "Basi, yaisha." Juma lililofuata alipanda lori pamoja na masanduku. Nilikwenda kumuaga nikamkuta anazifunga sufuria kwa kitenge kile ili zisigongane njiani. Nilisaidia kupandisha magodoro.

Miaka miwili baadaye tulifika Lubumbashi. Nilikuwa kapteni na meneuse, vyote viwili. Nusu fainali, tunaongoza kwa moja, sekunde zimebaki chini ya thelathini, nafanyiwa kosa, mwamuzi anakuja na swali lile lile. Nilisema "mupira" kabla hajamaliza. Uwanja mzima ukatuzomea. Tulipasiana, tukapasiana, hakuna aliyejaribu kurusha, wakatuzomea zaidi, mtu mmoja akatupa ganda la ndizi. Kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Nilizungusha mwiko wangu kichwani mpaka mwisho, na niliponyanyua mkono kengele ikalia. Ulikuwa mchezo mbaya kuliko yote niliyowahi kuongoza, na ndio ninaoupenda. Fainali yenyewe tulipigwa sana, hilo halina hadithi.

Niliporudi nilimwomba Tata Amuri nafasi kwenye lori linalokwenda Sandoa. Siku tatu juu ya magunia. Nilibeba picha ya timu iliyopigwa Lubumbashi, na nilibeba maneno ya kuomba msamaha niliyokuwa nimeyapanga kwa miaka miwili. Nilikuwa nimeacha kulala vizuri, nawaambia kweli. Nilikuwa naamka nauona ule mpira wa pili ukiruka juu ya kichwa chake.

Nilimkuta jikoni, nyuma ya nyumba, sufuria iko motoni. Alikuwa amekonda mabega. Alinikumbatia, akaitazama picha muda mrefu, akaiegemeza ukutani mbali na moshi. Nikaanza.

"Yaya, nakuya kuomba musamaha. Juu ya bile bilancer."

"Numbi," akasema, "arbitre aliuliza nani?"

"Aliuliza weye."

"Na mi nilikuangalia weye. Juu ya nini?"

"Juu mi njo meneuse. Juu ulikuwa na confiance, uliniamini."

"Hapana." Alikuwa anazungusha, hakunitazama. "Mi nilijua ni mupira. Hata mutoto angejua. Lakini bantu balikuwa banapiga makelele, na nilisema mu roho: kama nasema mupira na tunapoteza, ni mi. Kama Numbi anasema, itakuwa ya Numbi. Niliogopa. Njo vile nilikuangalia."

Halafu nilikasirika, na sioni haya kuwaambia. Nilikasirika mpaka masikio yakawa moto. Miaka miwili.

"Juu ya nini haukuandika barua?"

"Na ile pia niliogopa."

Sasa wewe nisiyekutaja jina, na kocha wako, na huyo kapteni mwenye kutazama mawingu. Nimewaandikia yote haya kwa sababu ya yale mliyofanya kabla ya kurusha, pale mlipotazamana. Kukosa kikapu ni kazi ya mikono, nami nimekosa zaidi yenu wote. Nilichokiona Jumamosi ni watu watatu wanaojua jibu moja, kila mmoja anatafuta mtu wa kumbebesha. Mimi nilijibu swali ambalo sikuulizwa, kwa ajili ya jina langu kuimbwa. Yeye aliulizwa hakujibu. Tukapotezana miaka miwili, na kitenge kile hakikuwahi kuiona Lubumbashi. Siku nyingine ukiwa na mpira na sekunde ishirini na mbili, usimgeukie mtu. Ulishaulizwa pale ulipopewa mpira.

Hasira yangu iliisha jikoni pale pale, na nitawaambia ilivyoisha. Bukari ilikuwa imeanza kushikana. Yaya Ngoie alizungusha, na midomo yake ilikuwa inacheza: alikuwa anahesabu, bado, baada ya miaka yote ile, Sandoa, mahali pasipo kikapu. Bila kufikiri nami nikaanza kuhesabu naye kimyakimya, kwa mkono, kama alivyonifundisha. Nilikuwa kwenye ishirini na sita nilipomsikia akisema kwa sauti ndogo, "Makumi tatu," akataka kuepua.

Hata yeye alikuwa anahesabu mbio. Nilimpokea mwiko, nikamalizia mizunguko minne iliyobaki.